KIA hadi Minneapolis: mtandao unasema saa 16, tiketi inasema 26. Tumwamini nani?

Mmachame_wa_Mbagala:
Wakuu, heshima kwenu. Mwenye uelewa wa mambo ya ndege anisaidie, maana nyumbani tumegeuka bunge.

Mama yetu anasafiri mwezi wa 11 kwenda Minneapolis, Marekani. Dada yetu anatarajia kujifungua, na mama kasema haiwezekani mwanawe akazaa halafu mtori akapikiwa na mashine. Viza imetoka, tiketi imekatwa. Mama ana miaka 69, ana presha, na hajawahi kupanda ndege. Safari yake ndefu kuliko zote ni Moshi–Dar kwa basi, na hapo miguu huanza kulalamika kabla hata ya Korogwe.

Mimi nimeingia kwenye mtandao mmoja wa kupima umbali wa viwanja vya ndege. Nikaweka Kilimanjaro (KIA) na Minneapolis, ikaja kilomita 13,340, muda wa safari saa 16 na dakika 12. Nikamtuliza mama kwa hiyo namba. Mdogo wangu naye kasoma tiketi: kuondoka KIA Jumanne 21:00, kufika Minneapolis Jumatano 14:45. Kapiga hesabu ya vidole kapata saa 17 na dakika 45. Sasa jana nimeona kwa maandishi madogo pale chini ya tiketi: muda wote wa safari, saa 26 na dakika 45.

Zote zinahusu safari moja, mama mmoja. Ipi ni ya kweli? Na je, aliyetukatia tiketi ametuzungusha?

Njia yenyewe: KIA – Dar – Amsterdam kwa KLM, kisha Amsterdam – Minneapolis kwa Delta.

Injinia_wa_Mtaa:
Hesabu ya darasa la saba hiyo mkuu. Ndege kubwa inakwenda 900 kwa saa. 13,340 gawanya kwa 900 unapata saa 14 na dakika 50 hivi. Zilizobaki ni za kuzungushwa. Mmepigwa, rudisheni tiketi.

Dada_Tiketi_Ar:
Injinia, subiri kwanza usimrudishie mtu tiketi. Ukirudisha tiketi ya bei nafuu, faini yake inaweza kumtosha mama nauli ya kwenda Dar na kurudi mara kadhaa.

Kaka Mmachame, pole na bunge. Mimi kazi yangu ni kukatia watu tiketi hapa Arusha, na swali lako naletewa kila msimu wa sikukuu ukikaribia. Namba zako zote tatu zimepigwa vizuri. Ila kila moja inapima kitu chake, na mama atasafiri kwa moja tu: ile ya 26.

Tuanze na mtandao. Ule hauna habari kama kuna ndege au hakuna. Unachukua nukta mbili, unachora njia fupi kuliko zote juu ya tufe, unagawanya kwa mwendo wa kama kilomita 850 kwa saa, unaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Hiyo 13,340 ni theluthi moja ya mzingo wa dunia nzima. Mstari wenyewe ukitoka KIA unakatiza Sahara, unapita juu ya Ureno, unavuka Atlantiki, unaingia Kanada ndipo unashuka Minnesota. Njia nzuri sana, ila hakuna ndege ya abiria inayoiruka. Si kwamba ndege haziwezi. Singapore Airlines wanatoka Singapore hadi New York bila kutua, kama kilomita 15,300, zaidi ya saa 18 hewani. Wao wana watu wa kujaza viti. Kati ya Moshi na Minneapolis, tuambiane ukweli, ni nyinyi na majirani zenu wawili watatu.

Kwa hiyo lazima aunganishe. Na hapa aliyewakatia tiketi hakuwazungusha, amewachagulia vizuri tu. KIA hadi Amsterdam kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 6,900. Amsterdam hadi Minneapolis ni kama 6,690. Jumlisha: 13,590. Yaani kupitia Amsterdam kunaongeza kilomita 250 tu juu ya njia fupi kuliko zote, pungufu ya Dar hadi Mikumi. Halafu kituo kiko karibu katikati kabisa ya safari, mama ananyoosha miguu nusu njia.

Kinachoongeza ni Dar. KLM ikitoka Ulaya hutua KIA kwanza jioni, inashusha watalii wa mlima na wa Serengeti, inapakia watu, kisha inashuka Dar kujaza viti vingine, ndipo inageuza kwenda Amsterdam. Kwa hiyo mama ataanza safari ya kwenda kaskazini kwa kwenda kusini-mashariki kilomita 450. Mwambieni mapema! Nimeshaona wazee wanasimama Dar wakaanza kuteremsha mabegi wakidhani wamepanda ndege siyo. Anayekwenda Amsterdam anabaki kitini, watasafisha kumzunguka, wataingia abiria wapya, watabadilisha wafanyakazi. Ukijumlisha na hiyo, njia yake yote ni kama kilomita 14,500.

Sasa saa. Mdogo wako ametoa saa za Tanzania kwenye saa za Minneapolis, na hapo ndipo saa 9 zimepotelea. Mwezi wa 11 kule wako nyuma yetu kwa saa 9 (kiangazi chao huwa 8). Dawa yake ni kugeuza kila kitu kiwe saa za nyumbani. Mimi huwafanyia wateja wangu hivyo nyuma ya bahasha, kwa saa zetu, kwa sababu nikiandika 23:35 bibi ananiuliza hiyo ni saa ngapi.

Anaondoka KIA saa tatu usiku, Jumanne. Dar saa nne na robo. Anaondoka Dar saa tano na dakika 35 usiku. Anatua Amsterdam saa tatu asubuhi Jumatano kwa saa ya kwetu. Ukutani kule itasoma saa moja asubuhi. Ndege ya pili inaondoka saa nane na nusu mchana wetu. Anatua Minneapolis saa tano na dakika 45 usiku wetu, bado Jumatano, wakati kule jua lipo, ni saa nane na dakika 45 mchana.

Hesabu mwenyewe kutoka saa tatu usiku ya Jumanne hadi saa tano na dakika 45 usiku ya Jumatano. Saa 26 na dakika 45, haina chenga. Ndani yake kukaa kwenye ndege inayotembea ni saa 19 na dakika 55. Zilizobaki, saa 6 na dakika 50, ni Dar kitini na Amsterdam kwenye viti vya kusubiria.

Mmachame_wa_Mbagala:
Dada Mungu akubariki, nimemsomea mama hii ya saa zetu, ameielewa kuliko mimi. Swali lake la kwanza: "Sasa nitalala saa ngapi?"

Ila kuna kitu bado kinanikera. Amsterdam–Minneapolis umesema kilomita 6,690, na kwa saa zako ni saa 9 na robo. Hiyo ni kama 720 kwa saa. Nimeangalia tiketi ya kurudi mwezi wa 2, Minneapolis–Amsterdam wanaandika saa 7 na dakika 45. Barabara ile ile! Au kurudi wanateremka mlima?

Dada_Tiketi_Ar:
Karibu na ukweli. Kule juu, kama kilomita 10 hadi 12 toka ardhini, kuna upepo unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, na upande wa Atlantiki ya kaskazini wakati wa baridi una nguvu kwelikweli. Kasi ya kilomita 150 kwa saa ni kawaida, na mara nyingi unazidi. Ndege kwa hewa inayoizunguka inakwenda ile ile 900 ya Injinia. Lakini hewa yenyewe inatembea. Ukielekea Marekani unaipiga kifua, ukirudi inakusukuma mgongoni. Ndiyo maana huwezi kujua muda wa safari kwa kujua umbali peke yake, lazima ujue na uelekeo. Marubani hawafuati hata mstari mmoja: wapangaji wa safari huangalia upepo wa siku hiyo, wanaokwenda magharibi wanasogezwa pembeni kuukwepa, wanaokwenda mashariki wanawekwa katikati yake.

Pia usisahau kwamba saa za kwenye tiketi zinaanza ndege ikiondoka getini, hadi ifike getini. Kutembea chini kwenye kiwanja kikubwa kama Schiphol, kile cha Amsterdam, kunaweza kula dakika 15 hadi 20 kabla hata hamjaona anga. Mtandao wako haukuhesabu hizo.

Na kama una tufe la dunia nyumbani, lile la shule, chukua uzi, bana ncha moja Amsterdam na nyingine Minnesota, ukaze. Uzi utapita ncha ya kusini ya Greenland. Mama akiona barafu dirishani asidhani wamepotea njia.

Kurudi kwake kutakuwa kwepesi kuliko anavyodhani. Upepo unamsukuma, halafu ndege inatua KIA kwanza kabla ya Dar, hana cha kuzunguka. Niandikie saa za kurudi nikupigie.

Mmachame_wa_Mbagala:
Minneapolis Jumatatu 16:00. Amsterdam Jumanne 06:45, kuondoka 10:00. KIA Jumanne 20:30.

Dada_Tiketi_Ar:
Kwa macho ni saa 28 na nusu. Toa 9. Saa 19 na nusu mlango kwa mlango. Kwa hiyo kwenda tiketi inaonekana fupi na mwili unalipa 26, kurudi inaonekana ndefu na mwili unalipa 19. Tofauti ya zaidi ya saa 7, na viwanja ni vile vile.

Kitengela_Boy:
Niaje majirani. Mimi niko upande huu wa Namanga, naona mnahangaika bure. Kenya Airways wako na ndege ya moja kwa moja Nairobi–New York tangu Oktoba 2018. Kama kilomita 11,840, saa 15 hivi, unalala ukiamka uko JFK. Kutoka hapo Minneapolis ni kama Nairobi–Mombasa tu, mara tatu na kitu. Mama apande shuttle ya Arusha asubuhi, jioni ako Nairobi. Ama aruke toka KIA, ni kilomita 230 na kitu.

Injinia_wa_Mtaa:
Sasa hiyo ndiyo hesabu! KIA–Nairobi 235, Nairobi–New York 11,840, New York–Minneapolis 1,655. Jumla 13,730. Dada wa tiketi amempitisha kwenye 14,500. Nilisema.

Dada_Tiketi_Ar:
Injinia, leo jumla yako imekaa sawa, nakupa maksi. Ni njia fupi kwa kilomita karibu 800. Na kwa kijana wa miaka 30 mwenye begi la mgongoni ningeuza hiyo hiyo, mimi mwenyewe naipenda.

Lakini soma tena kuhusu abiria. Ana miaka 69, hajawahi kupanda ndege, Kiingereza cha kuombea maji. Sheria ya Marekani ni kwamba uhamiaji na forodha unamalizana nao kwenye kiwanja cha kwanza unachokanyaga. Akipita New York, atapanga foleni ya uhamiaji pale, atasubiri begi lake kwenye mkanda hata kama limebandikwa lebo ya Minneapolis, atalivuta kupita forodha, atalikabidhi tena, atakaguliwa upya, atatafuta ndege ya ndani ambayo pengine iko jengo lingine na anapaswa kupanda treni ya kiwanja. Peke yake, baada ya saa 15 hewani. Akichelewa ndege ya ndani, simu yake haina laini ya kule.

Akipita Amsterdam haingii Uholanzi. Anashuka, anabaki ndani, Schiphol ni jengo moja kubwa, anapelekwa geti lingine. Begi halishiki. Uhamiaji wa Marekani anakutana nao Minneapolis, na nyuma ya ule mlango binti yake yuko. Hiyo ndiyo sababu ningemkatia hiyo tiketi hata kama ingezidi kwa kilomita elfu mbili. Zipo zinazozidi hivyo. Watu wanapita Doha halafu Chicago halafu Minneapolis, hiyo ni kama 15,550, na mambo ya New York wanayakuta Chicago vile vile.

Wahabeshi (Ethiopian Airlines) nao wana njia nzuri ya Washington, ila muulize Injinia kwa nini kwa miaka mingi ndege yao ikitoka Addis ilitua Dublin kuongeza mafuta, na ikirudi toka Washington inakuja moja kwa moja. Umbali ni ule ule, kama 11,560.

Injinia_wa_Mtaa:
Upepo?

Dada_Tiketi_Ar:
Upepo nusu. Nusu nyingine ni kwamba Addis iko mita 2,330 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa vinapata kidogo cha kushika, ndege haiwezi kupaa ikiwa imejaa abiria, mizigo na mafuta ya safari nzima. Kitu kimoja lazima kipungue, wakapunguza mafuta. Nairobi nayo iko mita 1,620 na kitu, ndiyo maana hata hao wa moja kwa moja hawapakii wanavyotaka. Washington iko chini, inabeba shehena yote.

Kitengela_Boy:
Hiyo ya begi JFK ni ukweli, sibishi. Nilisaidia mama mmoja wa Kisii pale kwa mkanda, alikuwa anasubiri begi huku analia. Mpeleke Amsterdam.

Babu_wa_Njiapanda:
Naongeza moja. Tiketi yenu ni ya saa tatu usiku, mna bahati. Zile za saa sita na nusu usiku ndizo zinaua watu. Shemeji yangu tiketi iliandikwa 00:30 Jumatano. Jumatano usiku akaoga, akaagwa, kuku akachinjwa, tukamsindikiza KIA kwa gari mbili. Ndege ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia Jumatano, sisi tukiwa tunaangalia taarifa ya habari. Ukiona sifuri sifuri mwanzoni, mzee aende uwanjani siku ya nyuma yake.

Dada_Tiketi_Ar:
Shikamoo babu. Hiyo inastahili kubandikwa ukutani ofisini kwangu.

Mmachame_wa_Mbagala:
Shikamoo babu. Dada, la mwisho halafu nikuache ufanye kazi. Mama anakunywa kidonge cha presha kimoja kila siku saa moja asubuhi. Saa moja ya wapi sasa? Na kuna namna ya kumsaidia kutembea? Magoti.

Dada_Tiketi_Ar:
Kidonge muulize daktari wake kabla ya safari, mimi nakata tiketi tu. Ila ninachokiona kwa wazee wengi ni kwamba wanavaa saa ya mkononi yenye saa za Tanzania na hawaigusi hadi wafike, halafu daktari ndiye anawaambia namna ya kuhamia saa za kule. Kwa saa ya nyumbani, saa moja asubuhi ya Jumatano itamkuta hewani, saa mbili kabla ya kutua Amsterdam. Dawa zikae mkobani, kwenye paketi yake yenye jina, zisiende kwenye begi la chini.

Magoti: piga simu kwa shirika au nenda kwa aliyewakatia, omba kiti mwendo, KIA hadi Minneapolis. Hakina malipo. Omba mapema, angalau siku mbili kabla, na hakikisheni kimeingia kwenye vipande vyote vya safari. Faida yake kubwa si magoti. Kule Amsterdam atakuja mtu na karatasi yenye jina lake, atamtoa mlango wa ndege moja na kumfikisha geti la nyingine, na Minneapolis atasukumwa hadi uhamiaji na hadi kwenye begi. Hapotei hata akitaka.

Kwenye ndege ainuke kila baada ya muda atembee ushoroba, anywe maji. Mkobani awe na koti zito na soksi, Minneapolis mwezi wa 11 baridi yake haifanani na ya Machame. Na kaka, najua kuna mtu hapo nyumbani anapanga kumfungashia ndizi mbichi na nyama ya mtori. Msithubutu. Forodha ya Marekani watazichukua, na asipozitaja kwenye maswali yao ni faini. Unga wa ulezi uliofungwa vizuri autaje tu, kwa kawaida haumletei shida.

Mmachame_wa_Mbagala:
Hahaha dada una kamera humu ndani? Ndizi zilishakatwa jana.

Dada_Tiketi_Ar:
Zipikeni mzile nyinyi.

Na mwambie dada yako asiende kusimama mlangoni saa nane na dakika 45. Hiyo ni ndege kufika getini. Uhamiaji, begi, forodha, mpe saa moja na nusu zaidi, kwa huku ni saa saba na robo usiku wa kuamkia Alhamisi. Kabla ya hapo msianze kupigiana simu za kulia.